Istilahi za Mantiki katika Kilatini: Mikopo kutoka Kigiriki na Hatima Yake

Mtu anayekutana na Kilatini kwa mara ya kwanza katika vitabu vya falsafa vya zama za kati huiona lugha iliyokamilika. Kila dhana ina neno lake, na kila neno lina mipaka yake. Ni rahisi basi kudhani kwamba lugha hiyo ilizaliwa ikiwa tayari kwa kazi ya kujenga na kupima hoja. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Warumi wa karne ya kwanza K.K. walikuwa na msamiati mpana wa sheria, kilimo, vita na hesabu za fedha, lakini katika elimu ya mantiki walikuwa na maneno machache mno yaliyo yao. Lucretius, aliyetunga utenzi mrefu juu ya maumbile ya vitu, alilalamikia waziwazi ufukara wa lugha ya mababu zake, na alipofika penye nadharia ya Anaxagoras alilazimika kuliacha neno la Kigiriki "homoeomeria" jinsi lilivyo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Seneca aliyarudia malalamiko hayohayo, kana kwamba hakuna kilichofanyika katikati. Lakini kilichofanyika ni kingi, na makala haya yanayafuata maneno machache ya mantiki kutoka mikononi mwa waundaji wake hadi yalipopokewa au kusahauliwa.

Mwaka 155 K.K. mji wa Athens ulituma Roma wajumbe watatu kuomba upunguziwe faini iliyokuwa imetozwa. Wote watatu walikuwa wanafalsafa: Carneades wa Akademia, Critolaus wa shule ya Aristotle, na Diogenes wa Babiloni aliyekuwa kiongozi wa Wastoiko na mjuzi wa mantiki yao. Mbele ya Seneti walihitaji mkalimani, na seneta Gaius Acilius ndiye aliyewafasiria. Vijana wa mji walijazana kumsikiliza Carneades, hata mzee Cato akahimiza shauri lao limalizwe upesi warudi makwao. Cato aliogopa ufasaha wa wageni utawapotosha vijana. Kwa mtaalamu wa lugha, ajabu iko kwingine. Katika vizazi viwili vilivyofuata kila Mrumi mwenye elimu alijifunza Kigiriki, na mkalimani hakuhitajika tena. Kwa hiyo mtu aliyetaka kusoma mantiki aliisoma kwa Kigiriki, kwa mwalimu Mgiriki, na aliporudi nyumbani hakuwa na neno la kumwelezea jirani yake alichosoma.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa mjadala ambao Cicero ameuhifadhi katika kitabu chake "Academica" cha mwaka 45 K.K. Anamtia Varro, mwanachuoni mkubwa wa siku hizo, kinywani maneno ya mtu asiyeona faida ya kuandika falsafa kwa Kilatini. Hoja ya Varro ina ncha mbili: wanaojua Kigiriki watavisoma vitabu vya Wagiriki wenyewe, na wasiokijua Kigiriki hawatavifungua vitabu vya namna hii hata vikiandikwa kwa lugha yao. Hoja hii si ngeni masikioni mwa walimu wa Kiswahili; imesikika mara nyingi katika kumbi za vyuo vikuu, jina la Kigiriki likiwa limepisha jina la Kiingereza. Cicero hakuijibu kwa nadharia. Aliuliza kwa nini Warumi haohao wanaosoma mashairi ya Kilatini yaliyofuata mifano ya Kigiriki wasisome na falsafa yao. Kisha akaketi kuandika. Binti yake Tullia alikuwa amefariki mapema mwaka huo, na utawala wa Kaisari ulikuwa umemfungia milango ya siasa. Kwa muda wa miaka miwili hivi alitoa vitabu vya falsafa kimoja baada ya kingine.

Kazi yake juu ya neno moja yatosha kuonyesha ugumu wa shughuli hiyo. Wastoiko waliita kauli inayoweza kuwa ya kweli au ya uongo "axioma". Mfano ni kauli kama "Jua limechomoza". Amri au swali haliingii katika kundi hilo. Katika "Academica" Cicero aliifasiri "effatum". Katika "Tusculanae" za mwaka huohuo akasema "pronuntiatum", akaongeza kwamba atalitumia neno hilo mpaka apate lililo bora. Mwaka 44 K.K., katika kitabu cha majaliwa, akaandika "enuntiatio". Maneno matatu kwa dhana moja, na yote yakiwa na maana ya kutoa kitu nje kwa kinywa. Varro naye alikuwa na lake, "proloquium". Si haki kumlaumu Cicero kwa kubadilika huku. Alikuwa akijaribu neno kama mtu anavyojaribu kiatu, na alilisema hilo bila haya. Lakini msomaji aliyeshika vitabu vyake vitatu alikuwa na haki ya kuuliza kama vinazungumzia jambo moja.

Penye jina la elimu yenyewe, mkopo ulishinda bila mapambano. Katika mazungumzo hayohayo na Varro inakubaliwa kwamba maneno kama "philosophia", "rhetorica", "physica" na "dialectica" yamekwisha kuzoeleka, hivyo yahesabiwe kuwa ya Kilatini. Neno "logike" lilisumbua zaidi kwa sababu ya "logos" iliyo ndani yake. Kwa Mgiriki "logos" ilikuwa neno, usemi, maelezo, hesabu na akili, yote katika sauti moja. Kilatini hakikuwa na chombo cha kubeba mzigo huo mzima. Kililazimika kuugawa: "oratio" ikabeba usemi, na "ratio", ambayo asili yake ni hesabu na daftari la mfanyabiashara, ikabeba akili. Cicero alipenda kuyaweka maneno haya mawili bega kwa bega, na ufanano wa sauti zake ulimsaidia. Hata hivyo yalibaki mawili. Yeye akaiita elimu hiyo "njia ya kujadili", na Seneca, alipoigawa falsafa katika sehemu tatu, akaiita sehemu hii "rationalis", yaani ya kiakili.

Wafasiri wa Kiarabu waliomfuata Aristotle karne nyingi baadaye walikutana na fundo hilohilo, wakalifungua upande wa pili. Walichagua "mantiq", neno linalotokana na kitenzi cha kunena. Kiswahili kimelipokea kama mantiki, na pamoja nalo falsafa, ambalo ni "philosophia" iliyopita mikononi mwa Waarabu. Basi Mrumi aliyetamka "ratio" alisikia mtu anayehesabu, na Mwarabu aliyetamka "mantiq" alisikia mtu anayesema. Wote wawili walikuwa wamemfasiri Mgiriki kwa uaminifu, kila mmoja nusu yake.

Si kila neno lifananalo na la Kigiriki ni mkopo. "Genus" ya Kilatini na "genos" ya Kigiriki ni ndugu wa mzazi mmoja. Kila lugha ililirithi neno lake kutoka lugha mama ya kale. Wanamantiki wa Kirumi hawakukopa neno hapa, walikopa matumizi yake tu: "genus", lililokuwa na maana ya ukoo na uzao, likapewa kazi ya kutaja kundi kubwa linalochukua makundi madogo ndani yake. Kiswahili, kinyume chake, kinalo neno la Kigiriki lenyewe. "Genos" iliingia katika Kisiria, ikatoka huko ikawa "jins" ya Kiarabu, na leo ni jinsi. Anayesema "jinsi gani?" sokoni hamfikirii Aristotle, wala hana sababu ya kumfikiria.

Kuhusu kundi dogo lililo ndani ya "genus", yaani "eidos" ya Wagiriki, kuna kisa kinachostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Katika kiangazi cha mwaka 44 K.K. Cicero alikuwa safarini baharini kutoka Velia kuelekea Rhegium, na akiwa chomboni aliandika kijitabu cha "Topica" kwa ajili ya rafiki yake Trebatius, mwanasheria. Humo anasema kwamba wengine huifasiri "eidos" kwa neno "species". Yeye hakatai kwamba maana yake inafaa. Anachokataa ni maumbo yake: neno hilo likiingia katika wingi na kunyambuliwa kufuata uhusika, hutoa "specierum" na "speciebus", na masikio yake hayakuvumilia sauti hizo. Akapendekeza "forma", ambalo hunyambulika vizuri. Hiyo ni hoja ya msanii wa lugha, na ni hoja ya haki. Lakini haikusikilizwa. Walimu wa mantiki waliendelea na "species", wakaivumilia "speciebus" bila kuumwa masikio, na neno hilo likapita katika lugha nyingi za Ulaya hadi kuwafikia wanabiolojia. Kiswahili cha sayansi kinasema spishi. Neno alilolikataa Cicero juu ya maji ya Italia limo katika vitabu vya shule vya Afrika Mashariki.

Kwa nini basi neno la fundi mkubwa likashindwa na neno la walimu wasiojulikana majina? Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya pili B.K., ametoa ushahidi bila kukusudia. Alipotaka kuanza kusoma mantiki alielewa kwamba lazima kwanza ajue "axioma" ni nini. Akasikia kwamba Aelius Stilo, aliyepata kuwafundisha Varro na Cicero, alikuwa ameandika kwa Kilatini kitabu juu ya "proloquia". Akakitafuta kwa bidii, akakipata katika maktaba ya Hekalu la Amani mjini Roma, akakisoma. Hakuambulia kitu. Aliona kwamba Stilo alikiandika kitabu kile kwa kujikumbusha mwenyewe zaidi kuliko kumfundisha mwingine. Gellius akarudi kwenye vitabu vya Kigiriki. Kitabu kilikuwapo, kwa lugha yake, kimehifadhiwa katika maktaba ya umma, lakini mwanafunzi hakikumfaa.

Kizazi hichohicho kilitoa jaribio kubwa zaidi, na lilitoka Afrika. Apuleius alizaliwa Madauros, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Kitabu cha mantiki kiitwacho "Peri Hermeneias" kinanasibishwa naye. Wako wanaoshuku kama ni chake, lakini ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya elimu hiyo kutufikia kwa Kilatini. Jina lake ni la Kigiriki, maneno yake ni ya Kilatini. Mwanzoni mwandishi anapanga maneno yaliyokwisha tumiwa kwa kauli: Sergius alisema "effatum", Varro "proloquium", Cicero "enuntiatum". Kisha anatoa yake mawili aliyoyafasiri neno kwa neno kutoka Kigiriki, "protensio" na "rogamentum". Na baada ya kujitahidi hivyo, anakiri kwamba "propositio" itazoeleka zaidi. Akalitumia hilo.

Ungamo hilo ni la thamani. "Propositio" haikuwa neno jipya. Ilikuwa imo katika "De inventione", kitabu cha balagha alichoandika Cicero katika ujana wake, ambamo hoja inagawanywa katika "propositio", yaani kauli ya kutangulia, "assumptio" inayoifuata, na "complexio" inayofunga. Cicero alipokuwa mtu mzima alikidharau kitabu hicho, akikiona kama mambo mabichi yaliyochopoka katika madaftari ya ujanani. Shule hazikukidharau. Kila kijana aliyejifunza kusema mahakamani alipitia kitabu hicho au vingine vya namna yake. Hivyo maneno matatu ya kifalsafa aliyoyatafuta Cicero kwa uangalifu uzeeni yakashindwa na neno alilolishika bila kufikiri sana akiwa kijana, kwa sababu hilo lilikuwa vinywani mwa wanafunzi.

Apuleius mwenyewe hakuwa na bahati na maneno yake mengine. Kauli ya kukubali aliiita "dedicativa" na ya kukanusha "abdicativa". Sehemu mbili za kauli aliziita "subiectiva" na "declarativa". Hili la mwisho linavutia. Kigiriki kilisema "kategoroumenon", kutoka kitenzi kilichokuwa na maana ya kumshtaki mtu mbele ya watu. Apuleius aliiacha picha ya mahakama, akachagua picha ya kuarifu: sehemu hii ya kauli ndiyo inayotoa habari. Wanasarufi wa Kiswahili walipounda neno kiarifu walifanya uamuzi huohuo, pasipo kumwiga. Katika Kilatini uamuzi huo haukudumu. Martianus Capella, Mwafrika mwingine wa kaskazini, aliuendeleza katika karne ya tano, na hatimaye shule zikauacha.

Yako maneno yaliyokataa kabisa kufasiriwa. Seneca alipoulizwa na Lucilius wake "sophismata" ziitweje kwa Kilatini, alijibu kwamba wengi wamejaribu kuzipa jina na hakuna lililoshika. "Cavillationes" ya Cicero alidhani inafaa kuliko mengine. Nayo haikushika. "Syllogismus" vilevile, yaani hoja ya kauli mbili zinazozaa ya tatu. Cicero alisema "ratiocinatio", wengine "collectio" na "conclusio", lakini Quintilian na Gellius tayari wanaandika neno la Kigiriki kama la nyumbani. Maneno ya Kilatini hapa yalikuwa na kasoro moja: yote yalikuwa na kazi nyingine. "Conclusio" ilikuwa hitimisho lolote, na "collectio" mkusanyiko wowote. "Syllogismus" haikuwa na maana nyingine mtaani, na kwa istilahi huo ni utajiri. Fahari nayo ilikuwapo. Augustino anasimulia kwamba alipokuwa na umri wa karibu miaka 20, huko Carthage, mwalimu wake wa balagha alikuwa akizitaja "kategoria kumi" za Aristotle huku mashavu yamemvimba. Neno la Kilatini lisingeyavimbisha mashavu yale.

Mtu aliyeyapanga yote haya yakakaa ni Boethius, aliyezaliwa karibu na mwaka 480. Kabla yake Marius Victorinus, mwalimu maarufu aliyetoka Afrika akafundisha Roma katika karne ya nne, alikuwa ameifasiri "Isagoge" ya Porphyry, utangulizi mfupi wa mantiki. Boethius aliandika ufafanuzi wake wa kwanza juu ya tafsiri hiyo ya Victorinus, hakuridhika nayo, akafasiri upya na kuandika ufafanuzi wa pili. Anasema humo kwamba huenda akalaumiwa kwa kufasiri neno kwa neno, na kwamba aliona afadhali lawama hiyo kuliko kuuharibu ukweli kwa kupamba. Akaendelea na vitabu vya Aristotle juu ya mantiki. Aliazimia kumfasiri Plato na Aristotle wote. Mwaka 524 hivi aliuawa kwa amri ya Theodoric, mfalme wa Wagothi, kazi ikiwa haijafika mbali.

Ubora wake haumo katika kuunda. Maneno mengi aliyokusanya yalikuwapo: "propositio", "species", "differentia", "accidens", "syllogismus". Alichofanya ni kushika neno moja kwa dhana moja na kulirudia katika tafsiri, katika ufafanuzi na katika vitabu vyake mwenyewe, mpaka mwanafunzi asiwe na njia ya kupotea. Penye "kategoria" aliandika "praedicamentum", na penye "kategoroumenon" akaandika "praedicatum". Picha ikawa ya mpiga mbiu anayetangaza. Mshtaki wa Kigiriki na mtoa habari wa Apuleius wote wakaondoka. Penye "hypokeimenon", yaani kilicholala chini, akaandika "subiectum", kilichowekwa chini. "Isagoge" yake ikawa kitabu cha kwanza cha mwanafunzi wa mantiki katika shule za Ulaya kwa karne nyingi, na vitoto vya maneno yake vikaenea kila lugha iliyosomeshwa humo.

Neno "hypokeimenon" lilifasiriwa pia Baghdad, ambako katika karne ya tisa Hunayn ibn Ishaq na mwanawe Ishaq walifanya kazi kama ya Boethius. Mantiki ya Kiarabu ikalishika kwa neno "mawdu'", ambalo nalo maana yake ni kilichowekwa. Kiswahili kinalo neno hilohilo, likiwa limepanuka na kuwa jambo lolote linalozungumziwa. Mhakiki anapotenga fani na maudhui katika riwaya, maudhui yake ni ndugu wa "subiectum" ya Boethius. Yamefinyangwa kwa mfano mmoja na wafinyanzi wawili wasiojuana. Kiima, neno la wanasarufi, halimo katika ukoo huo. Mzizi wake unasikika katika wima na simama, na kilichosimama hakikulala chini.

Kitabu kimoja cha Aristotle, kile cha uthibitisho, hakikuwafikia wasomaji wa Kilatini pamoja na vile vya Boethius. Kiliwafikia katika karne ya 12, tena kwa njia mbili. James wa Venice alikifasiri moja kwa moja kutoka Kigiriki. Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka 1187, alikifasiri Toledo kutoka Kiarabu, ambako kilijulikana kama kitabu cha burhani. Hapo mito miwili iliyotengana tangu Athens ilikutana. Mwaka 1159 John wa Salisbury aliandika kwamba kitabu hicho ni kigumu na wanaokifundisha ni wachache, na kwamba wengi huitupia tafsiri lawama. Vyuo vilichagua tafsiri ya James, ngumu ilivyo, kwa kuwa ilisema lugha ya Boethius ambayo wanafunzi walikuwa wameizoea. Ya Gerard imesalia katika nakala chache sana.